Mikoko na Mji ni Habari Moja: Hotuba kwa Waongoza Watalii Wapya wa Kwale

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wetu mlioketi mbele, akina mama wa vikundi vya mikoko, manahodha, na nyinyi vijana mnaopokea vyeti leo, hongereni.

Nimeombwa nizungumzie kazi ya kuongoza kundi dogo kwa siku moja. Mada hiyo ni pana, nami nitaibana. Nitasema juu ya njia yetu wenyewe tu, kijiji cha Gazi na mikoko yake, Shimoni na pango lake, na kisiwa cha Wasini, kutoka asubuhi mpaka jua linapokaribia kuzama. Mwenye hamu ya ndovu na palahala, Shimba Hills iko hapo juu na ina wenyewe.

Nianze na lalamiko. Ukisoma matangazo ya safari za huku kwetu utakuta siku imekatwa mapande mawili. Asubuhi "mazingira", mchana "utamaduni na historia". Mgeni anapelekwa kwenye mikoko, anaelezwa habari za kaa na hewa ya ukaa, anapiga picha, anapakiwa garini. Halafu anashushwa kijijini, anaonyeshwa magofu, anatajiwa masheikh na watumwa, anapakiwa tena. Jioni yuko hotelini na habari mbili zisizojuana, na ukimwuliza kwa nini kijiji kile kiko pale kilipo na si kwingine, hana la kusema. Kosa si lake, hakuna aliyemwambia.

Mimi nasema ni habari moja. Mji wa pwani ulijengwa na mikoko, kwa maana ya kweli kabisa. Ingieni katika nyumba yoyote ya zamani ya mawe, inueni macho mtazame dari. Zile boriti zilizopangwa sambamba kutoka ukuta hadi ukuta ni miti ya mikokoni. Boriti ina urefu wake na uzito inaoweza kubeba, na fundi hakuweza kushindana na hilo. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, upana ukicheza karibu na mita 3 tu. Mgeni husimama ndani ya chumba kama hicho akadhani watu wa zamani walipenda kubanana. Mwambieni anyooshe kidole juu, msitu ndio uliopima chumba. Kisha mwonyesheni ukuta. Jiwe ni la matumbawe, na chokaa iliyoliunganisha na kulipaka ni matumbawe pia, yaliyorundikwa juu ya kuni na kuchomwa mpaka yakalainika. Kuni zenyewe mara nyingi zilitoka wapi? Mikokoni. Kwa hiyo mnapokuwa ndani ya msikiti wa kale au nyumba ya tajiri wa zamani, bado mko ndani ya ule ule unyevunyevu mliouacha asubuhi, ila umekauka na kupakwa chokaa.

Hiyo ndiyo njia ya kuwafundisha wageni majina ya miti, wala si kwa kuwasomea orodha. Kenya ina aina 9 za mikoko, na katika Ghuba ya Gazi zote zinapatikana. Hakuna mgeni atakayekumbuka majina tisa. Atakumbuka matatu au manne ukimpa kazi ya kila mti. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayosimama juu ya tope, ndio uliotoa boriti nzuri. Mkandaa ni mwembamba na umenyooka, unafaa pau na fito, na gome lake lilitoa rangi ya kutia ngozi. Mlilana, unaosimama mbele kabisa kupokea mawimbi, mafundi wa vyombo waliutafuta kwa mataruma, yaani mbavu za majahazi. Mkomafi una tunda kubwa la mviringo, mbegu zake zimejipanga ndani kwa namna ambayo ukizitoa huwezi kuzirudisha sawasawa. Mpeni mgeni tunda lililoanguka ajaribu. Atahangaika nalo muda mrefu, nanyi mtapata nafasi ya kunywa maji.

Na mchu, ambao mimi ndio naupenda zaidi. Mti huu hunywa maji ya bahari na kutoa chumvi kwa majani. Chumeni jani moja, moja tu kwa kundi zima, mligeuze, mwambieni mgeni aguse kwa ncha ya ulimi. Hamtahitaji maelezo tena. Chini yake ataona mizizi ya kupumulia imechomoza kwenye tope kama penseli zilizosimikwa. Tope lile halina hewa, basi mti umetoa pua nje. Hapo ndipo pa kuwaambia wasikanyage, kwa sababu sasa wanajua wanakanyaga nini.

Sasa, habari moja ina pande zake zote, na mojawapo si nzuri. Msiwafiche wageni kwamba sisi wenyewe tuliukata msitu huu. Boriti za pwani yetu zilisafirishwa kwa majahazi kwenda Uarabuni kwa karne nyingi, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Pale Gazi, miaka ya 1970, mikoko ilifyekwa kwa kuni za kuchomea chokaa na matofali ya viwandani. Wazee walioko hapa wanaikumbuka ile fuo tupu. Kazi ya kupanda upya kwa majaribio ilianza mwaka 1991, na watafiti wa taasisi ya taifa ya bahari na uvuvi wakaweka kituo chao papo hapo kijijini. Mnapotembea juu ya daraja la mbao la akina mama, mwambieni mgeni kwamba baadhi ya miti ya ghuba hii imepandwa kwa mkono. Mgeni akijua hilo, anatazama tofauti.

Kutoka hapo ndipo mnafika kwenye Mikoko Pamoja bila kulazimisha. Mradi ulianza mwaka 2013, unahusu hekta 117, na wenyewe ni wanakijiji wa Gazi na Makongeni. Ulikuwa wa kwanza duniani wa kijamii kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko, yaani kulipwa kwa kuilinda mikoko iendelee kuihifadhi, kiasi cha tani 3,000 hivi kwa mwaka. Fedha zake zimeingia kwenye maji ya bomba na kwenye shule. Mwaka 2017 ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mwaelezeni mgeni pia kwamba sehemu kubwa ya hiyo ukaa haiko kwenye mti anaouona bali iko chini, kwenye tope, imelala humo miaka mingi. Ukikata mti, tope nalo huanza kuachilia. Kisha mpelekeni kwenye bomba la maji pale kijijini. Tafadhali msiishie kwenye ubao wenye maandishi. Bomba lenyewe, mama akichota, ndoo ikijaa. Hapo ndipo hewa ya ukaa inapoacha kuwa maneno ya mkutanoni.

Gazi ina habari nyingine ambayo wengi wenu mmeijifunza kwa mtihani na sasa mnataka kuisahau, ya Sheikh Mbaruk bin Rashid, Mmazrui wa Gazi. Msiisahau. Mazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, waliondolewa huko mwaka 1837, tawi moja likaenda Takaungu na jingine likaja Gazi. Kwa nini Gazi? Itazameni ghuba. Rasi ya Chale imeikinga upande wa bahari, chombo kikiingia humo kinatulia, na mikoko imezunguka pande zote. Mtu aliyefukuzwa na sultani wa Zanzibar anatafuta mahali kama hapo. Mbaruk alipambana na Zanzibar kwa miaka, kisha na Waingereza mwaka 1895 na 1896, mpaka akavuka mpaka kwenda kwa Wajerumani na kufia Dar es Salaam mwaka 1910. Wengine humsimulia kama shujaa, wengine kama mkorofi aliyetesa watu. Mimi nadhani alikuwa vyote viwili, na mgeni mtu mzima anaweza kubeba hilo. Ila kisimulieni kisa hiki mkiwa mmeielekea ghuba, si mkiwa mmeipa mgongo.

Nije kwenye maji, maana hapa ndipo waongozaji wengi hukwama. Ratiba ya siku hii haiandikwi na hoteli, inaandikwa na mwezi. Kila mwana wa pwani anajua bamvua na maji mafu, lakini nimeona watu wanaojua hivyo wakipanga safari zao kana kwamba bahari ni bwawa la kuogelea. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano za asubuhi, na hujaa kabisa kwenye saa kumi au kumi na moja za jioni. Tofauti ya juu na chini inaweza kukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, maji hujaa kidogo asubuhi na kupwa kidogo jioni, na tofauti si kubwa.

Kwa hiyo siku ya bamvua anzeni Wasini. Bustani ya matumbawe ya kale pale kisiwani, yale majabali yaliyoachwa nchi kavu ambayo akina mama wameyajengea daraja, asubuhi ni kavu na mnaweza kuona kila tundu na kaa wake. Jioni bahari huingia humo. Mkimaliza kisiwa rudini Shimoni, kisha Gazi alasiri, maji yakiwa yanapanda mikokoni. Hapo mtumbwi unapita kati ya mizizi ambako asubuhi mngezama tope mpaka magotini. Siku ya maji mafu pindueni: Gazi kwanza kukiwa na baridi ya asubuhi, na Wasini mwisho, kwa sababu bahari haitapanda kiasi cha kuwafukuza. Kati ya siku hizo mbili tumieni jedwali na akili, maana maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Na mkitaka mgeni aone kazi halisi ya bamvua, piteni kijiji cha Kibuyuni, muwaone akina mama wakishuka kwenye mashamba ya mwani maji yanapokupwa. Wanafanya kazi kwa saa ile ile mnayoifuata nyinyi. Ombeni ruhusa kwanza, na msiwazuie. Dakika kumi mtu akisimama kupigwa picha ni dakika kumi za mavuno.

Haya, kundi dogo. Mmeambiwa darasani kwamba kundi dogo ni huduma ya hadhi. Sawa, lakini huku kwetu sababu ni nyingine. Daraja la mbao ni jembamba, watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Ukiwa na watu nane, wa mwisho anakusikia bila wewe kupaza sauti, na kaa hawajakimbilia mashimoni bado. Ukiwa na ishirini, wa mwisho anaona mgongo wa wa kumi na tisa. Anaanza kushuka pembeni. Anakanyaga zile pua za mchu nilizowaambia. Kuna kampuni moja, ambayo haina haja ya kutajwa, ilileta basi zima pale Gazi siku moja ya msimu. Akina mama walikuwa wamepika cha watu kumi na wawili. Wageni walikula kwa zamu, wenyeji hawakula kabisa, na fedha za ziada ziliahidiwa kuletwa. Nawaachia mkadirie kama zililetwa.

Kwa hiyo nane. Kumi kwa shida. Hoteli ikikulazimisha wengi zaidi, gawanyeni makundi mawili yenye waongozaji wawili, moja lianze kisiwani na jingine mikokoni, kama maji yanaruhusu. Mlipeni kila mtu wa kijijini siku ile ile, mkononi au kwa simu, kabla gari halijawashwa. Na mwambieni mgeni wazi ada ya daraja inakwenda kwa nani na ada ya hifadhi inakwenda kwa nani. Wageni hawakasirishwi na kulipa, wanakasirishwa na kutojua.

Adabu ya kijijini sihitaji kuwafundisha, mmelelewa nayo. Nikumbushe mawili tu. Ijumaa msimfikishe mtu Wasini saa sita na nusu mkitarajia mwenyeji wa kuwatembeza, watu wanakwenda kuswali. Na Ramadhani chakula cha mchana cha wageni kitolewe ndani, si barazani mbele ya watoto waliofunga kwa mara ya kwanza. Mgeni akielezwa sababu anakuwa na haya zaidi ya mwenyeji.

Shimoni. Hapa nitakwenda taratibu.

Pango lile lina habari zaidi ya moja. Kwa Wadigo lilikuwa, na bado ni, mahali pa heshima na dua. Wenyeji husimulia kwamba watu waliotekwa bara walifungiwa humo wakingoja vyombo vya kuwapeleka Unguja. Mnayoyajua semeni mnayajua, na mliyosimuliwa semeni mmesimuliwa na wazee. Yanayojulikana yanatosha kabisa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash alishinikizwa kuutia saini, lakini utumwa wenyewe katika pwani ya Kenya haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907. Hiyo ni miaka 34. Wekeni kimya kidogo baada ya kusema hivyo, kisha endeleeni. Msimpigishe mgeni picha akiwa amekunja mikono kana kwamba amefungwa, wala msimruhusu dereva afanye mzaha wa minyororo. Na msitaje koo. Wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza wanaishi mtaa mmoja hapa, wameoana, na mmoja wao huenda ndiye nahodha wenu wa siku hiyo.

Sehemu hii nayo haijatoka nje ya habari yetu. Biashara ile ile ya majahazi iliyobeba boriti ndiyo iliyobeba pembe na nafaka na watu. Upepo wa kaskazi ulivileta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi, wa kusi ukavirudisha. Mti uliotoa taruma la jahazi mmeshauona asubuhi, au mtauona jioni, kutegemea mwezi. Mgeni akiunganisha mwenyewe, nyamazeni. Asipounganisha, mkumbusheni ule mlilana kwa sentensi moja.

Wasini sitasema mengi, kisiwa kinajieleza. Hakuna magari, hakuna mto wala kisima cha maji matamu cha kutegemea, watu wamehifadhi maji ya mvua tangu enzi za yale makaburi ya kale mtakayoyapita. Mgeni akiomba maji ya kuoga miguu mara ya pili, mwelezeni hilo. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi katika hifadhi za taifa tangu Juni 5, 2020, na Kisite, pale baharini karibu na Wasini, ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo mtungi mmoja mkubwa wa maji na vikombe viwe ndani ya mashua kabla hamjang'oa. Pomboo wakitokea, nahodha apunguze mashine na kukaa pembeni. Mkikuta mashua nyingine tano zimewazunguka, pitilizeni. Mtalaumiwa na wageni kwa dakika chache, lakini waelezeni mnachokiona: mnyama anayepumua hewa, amebanwa kila upande anapotaka kuibuka.

Chakula cha mchana huliwa kisiwani, na watu hudhani hapo mwongozaji anapumzika. Mimi hapo ndipo ninapofanya kazi kubwa. Sahani ikifika, kaa au kamba au samaki, waulizeni wageni alikulia wapi yule. Kamba mchanga na samaki wengi wadogo hujificha kati ya mizizi ya mikoko, ambako samaki wakubwa hawapenyi, mpaka wapate mwili wa kutoka nje kwenye nyasi za bahari na miamba. Kaa wa matope hukaa humo sehemu kubwa ya maisha yake. Mezani pale, mbele ya wali wa nazi, ndipo nimewaona watu wakielewa kwa nini kijiji cha wavuvi kinaweza kuacha kukata kuni karibu na nyumba na kutembea mbali kuzitafuta.

Ninaona mwenyekiti anatazama saa, basi nimalizie na habari za kesho. Mwezi umeandama juzi, kwa hiyo ni bamvua, na maji yatapwa kabisa kwenye saa tano kasoro. Tutaanza Wasini. Mkutane gatini Shimoni saa mbili na nusu asubuhi, kila mmoja na kofia, maji, na viatu vya kufunga kamba, kwa sababu alasiri tutashuka Gazi na tope la pale limeshakula ndala nyingi. Mtakuwa makundi mawili ya watu wanane, na kila mmoja ataongoza kipande chake: aliyepata pango amshirikishe mzee wa pango, aliyepata mlo aongee na akina mama leo jioni, wasimkute kesho hajui kinachopikwa. Mashua inang'oa saa tatu kamili. Nahodha ameniagiza niseme kwamba hatamngoja mtu, hata awe mwenyekiti.

Haya, nani ana swali?